Kubadilisha krosi za propela kwenye Land Cruiser pikapu ya zamani

Krosi mpya (kiungo cha umbo la msalaba kwenye propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu) ikifa ndani ya mwezi mmoja, lawama hutupiwa muuza duka: "kaniuzia feki." Mara nyingine ni kweli. Lakini nyingi zinazokufa mapema huwa zimeuawa siku ileile zilipofungwa: sindano moja (vyuma vyembamba vya beringi) ililala chini ya kikombe kinachovaa ncha ya krosi, sikio la yoki (uma unaoshika krosi) lilipindishwa kwa nyundo, au grisi haikufika kwenye vikombe vyote vinne. Kazi hii haitaki misuli. Inataka usafi, vaisi imara na nusu siku isiyo na haraka.

Maelezo haya yanafuata Land Cruiser pikapu ya 75, hasa HZJ75 yenye injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2. Propela zake ni rahisi kuzielewa: moja ya mbele na moja ya nyuma, kila moja ina krosi mbili, flanji (bamba la kufungia bolti) kila mwisho, na sehemu ya kuteleza yenye meno. Hatua ni karibu zilezile kwa Hilux, Patrol na magari mengine ya umri huo. Tofauti zitatajwa zinapofika. Msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura ajue tunazungumzia kardani.

Kabla ya kufungua, hakikisha ni krosi

Krosi iliyoisha hujitangaza kwa njia tatu. Ya kwanza ni mlio wa "kong!" mara moja unapoachia klachi au unapotoka gia ya mbele kuingia ya nyuma. Ya pili ni kilio chembamba cha "chwi-chwi-chwi" kwenye mwendo mdogo, kinachoongezeka kadiri magurudumu yanavyozunguka na kisichojali injini iko kwenye gia gani. Hiyo ni krosi kavu, na ukiisikia mapema una bahati. Ya tatu ni mtetemo unaopanda kutoka sakafuni gari likishika kilomita 60 hadi 80 kwa saa.

Egesha mahali tambarare, zuia magurudumu, weka gia huru na uingie chini. Shika yoki kwa mkono mmoja na propela kwa mkono mwingine, uzisokote kinyume, kisha uzisukume juu na chini. Krosi nzima haichezi hata kidogo. Angalia pia unga mwekundu wa kutu kando ya sili za vikombe (mipira inayozuia grisi isitoke): ukiuona, grisi imekwisha zamani na maji yameshaingia.

Hapa wengi hukosea. Ukisokota propela na yote ikageuka kidogo pamoja na flanji ya difu (boksi la gia la kwenye ekseli), huo ni mchezo wa meno ya difu, na kiasi fulani ni cha kawaida. Mchezo wa krosi ni pale upande mmoja unapotembea na wa pili umetulia. Tazama pia mambo mengine yanayogonga au kutetemesha kwa namna hiyohiyo: yu-bolti za springi zilizolegea, mpira wa injini uliokatika, beringi ya pinioni ya difu. Kubadilisha krosi nne wakati tatizo ni yu-bolti ni kutupa pesa.

Kununua

Usinunue kwa kutaja jina la gari tu. Gari la miaka 30 huenda limeshabadilishwa propela mara mbili. Pima kwa vernia (kipimio cha milimita chenye taya) vitu viwili: kipenyo cha kikombe, na urefu kutoka mgongo wa kikombe kimoja hadi mgongo wa kinachokitazama. Angalia pia klipu, zile pete zinazozuia vikombe visitoke, zinakaa wapi. Kwenye Land Cruiser hukaa nje ya kikombe, kwenye mfereji uliochongwa ndani ya tundu la sikio. Magari mengine klipu hukaa upande wa ndani, chini ya sikio, na krosi ya aina moja haifungi kwenye yoki ya aina nyingine hata vipimo vingine vikilingana. Ukipewa namba ya boksi, iwe ya Gerezani pale Kariakoo au ya Kirinyaga Road Nairobi, herufi za mwanzo husaidia: kwa namba za kampuni ya GMB ya Japani, GUT ni Toyota, GUN ni Nissan, GUIS ni Isuzu, GUMZ ni Mazda.

Ifungue krosi palepale dukani. Vuta vikombe vyote vinne. Sindano ziwe zimejaa bila pengo, sili ziwe laini, na klipu nne ziwemo. Kisha ziba matundu matatu ya ncha kwa vidole na upulize kupitia tundu la nipo (chuchu ya kupigia grisi); hewa itoke kwenye ncha iliyobaki. Rudia kwa kila ncha. Tundu lililoziba kiwandani maana yake kikombe hicho hakitapata grisi maisha yake yote.

Badilisha krosi zote mbili za propela moja kwa pamoja. Zimetembea kilomita zilezile, na propela imeshashuka.

Utahitaji: spana mbili za ringi namba 14 kwa nati za flanji (hakikisha kwenye gari lako), vaisi ya inchi 5 au 6 iliyofungwa kwenye meza isiyoyumba, nyundo ya kilo 1 na nyingine ya shaba au plastiki, koleo ya klipu na koleo yenye mdomo mwembamba, brashi ya waya, bomba la grisi, na soketi mbili. Soketi kubwa iwe na tundu pana kuliko kikombe, ndogo iwe nyembamba kuliko kikombe. Kwa mfano, kikombe cha 29 mm kinakwenda na soketi namba 36 upande mmoja na soketi yenye upana wa nje wa 26 au 27 mm upande wa pili. Grisi iwe ya lithiamu, namba 2. Katriji moja ya gramu 400 inatosha na kubaki. Nunua nati mpya za flanji.

Kushusha propela

Gari lenye propela iliyofunguliwa halizuiwi tena na gia. Hili husahauliwa mara nyingi kuliko inavyostahili. Ubaya zaidi ni kwa Land Rover Defender, na kwa malori mengi ya Canter na NPR, ambako breki ya mkono imefungwa kwenye drami iliyo nyuma ya giaboksi: ukifungua propela ya nyuma umefungua na breki. Kwa hiyo zuia magurudumu kwa vigingi au mawe mbele na nyuma, kabla ya kugusa nati ya kwanza. Ukiinua gari, likae juu ya stendi. Jeki peke yake haiaminiki.

Sasa weka alama. Piga mstari wa patasi au wa rangi unaovuka flanji ya difu na flanji ya propela, mwingine kwenye flanji ya transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), na mwingine unaovuka sehemu ya kuteleza, ili ujue jino lipi lilikuwa kwenye mfereji upi. Chaki hufutika ukianza kuosha, usiitumie.

Sababu ya alama hizi si unadhifu. Krosi inayofanya kazi kwa pembe haipeleki mzunguko sawasawa: ndani ya duara moja huharakisha, hupunguza, huharakisha tena na kupunguza tena. Krosi ya upande wa pili ndiyo inayofuta kasoro hiyo, na inaweza kuifuta tu kama yoki zimepangwa zilivyokusudiwa. Kwa propela ya nyuma, masikio ya yoki mbili zilizo kwenye bomba hulala kwenye mstari mmoja. Ukiiweka propela sakafuni utaona wazi. Ya mbele usiisahihishe kwa akili yako, kwa kuwa baadhi ya Land Cruiser zilitoka kiwandani na mpangilio tofauti huko mbele. Fuata alama ulizoweka, ilimradi gari halikuwa likitetemeka kabla.

Puliza mafuta ya kulegeza kutu kwenye nati, subiri, kisha legeza upande wa difu kwanza, ukishikilia kichwa cha bolti kwa spana ya pili. Nati za juu usizozifikia zitakuja chini ukizungusha gurudumu lililo hewani. Acha nati moja ikiwa imeshika kwa nyuzi chache mpaka uweke mkono au kigogo chini ya propela, maana ina uzito na ikiangukia uso hakuna spana ya kurekebisha hilo. Gonga flanji kwa nyundo laini zitengane, sukuma propela iingie kwenye sehemu ya kuteleza, ishushe, halafu fungua upande wa transfa.

Kwa kuwa Land Cruiser hii ina flanji pande zote, oili haimwagiki. Hilux ya magurudumu mawili ya kuvuta ni tofauti: yoki yake imechomekwa moja kwa moja kwenye mkia wa giaboksi, na ukiichomoa oili itakufuata. Funga mkia kwa mfuko wa plastiki na mpira.

Kutoa krosi kuukuu

Usibane bomba la propela kwenye vaisi. Ukuta wake ni mwembamba, na ukibonyea bomba hupinda chini ya mzigo na balansi huharibika. Bana yoki tu. Vile vipande vidogo vya chuma vilivyochomelewa kwenye bomba ni uzito wa balansi. Usivigonge wala kuving'oa kwa kudhani ni uchafu.

Fungua nipo kwanza, vinginevyo itagonga yoki na kukatika. Safisha mifereji ya klipu kwa brashi na bisibisi ndogo. Klipu ikikataa kutoka, kikombe ndicho kinachoibana: gonga kikombe ndani kidogo, klipu italegea na utaitoa kwa koleo. Vaa miwani, kwa kuwa klipu yenye kutu huruka.

Panga hivi ndani ya vaisi: soketi ndogo kwenye mgongo wa kikombe kimoja, soketi kubwa ikizunguka kikombe cha upande wa pili na kuegemea sikio. Kaza vaisi taratibu. Soketi ndogo itasukuma krosi nzima, na kikombe cha mbele kitaingia ndani ya soketi kubwa. Kikitokeza milimita chache, ondoa soketi, kibane hicho kikombe chenyewe kwenye vaisi, na ugonge yoki juu kwa nyundo laini mpaka kitoke. Geuza, sukuma krosi kinyume, toa cha pili.

Kikombe kilichoganda kwa kutu hakihitaji nyundo ya kilo 4. Pigo la namna hiyo hukunja masikio ya yoki kuelekeana, na krosi mpya itabanwa tangu siku ya kwanza. Kata krosi katikati kwa grainda, toa mwili wake, kisha sukuma kila kikombe peke yake kutoka ndani kwenda nje. Krosi hiyo ni ya kutupwa, huna cha kuokoa. Diski isiguse sikio. Joto kidogo la gesi kwenye sikio husaidia, ila lisifike kuwa jekundu, na grisi kuukuu ifutwe kwanza maana hushika moto.

Itazame ile krosi kabla ya kuitupa. Ukiona mistari ya sindano imechapwa kwenye ncha kama alama za kucha, ilikaa pembe moja muda mrefu ikipigwapigwa chini ya mzigo. Ncha iliyoliwa na yenye kutu ilikosa grisi. Ncha moja imeharibika na tatu ni nzima? Njia ya grisi ya ncha hiyo ilikuwa imeziba, na aliyepiga grisi hakuwa akiangalia inatokea wapi.

Yoki ndiyo inayoamua

Safisha matundu ya masikio kwa msasa laini mpaka chuma king'ae, na mifereji ya klipu mpaka kona zake zionekane. Kisha chukua kikombe kipya na ujaribu kukiingiza kwa mkono. Kinatakiwa kikatae, au kishike mwanzoni tu. Kikizama chenyewe, tundu limepanuka na yoki hiyo imekwisha. Kupiga pointi za patasi kuzunguka tundu, kutia bati la kopo la soda, au kuchomelea vikombe kwa weldi kutakufikisha sokoni na pengine kurudi. Weldi ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu joto lake huua ugumu wa sindano na kuyeyusha sili, na safari ijayo huwezi tena kufungua bila kukata. Tafuta yoki nyingine au propela nzima.

Jaribu pia sehemu ya kuteleza. Safisha meno, yaunganishe kwa alama zake na uyasokote. Yakicheza kwa kuonekana, krosi mpya hazitaondoa mtetemo.

Kufunga mpya

Meza iwe safi. Tandaza gazeti. Vuta vikombe vinne, na paka grisi ukutani kwa kila kimoja ili sindano zishike, si kujaza kikombe: grisi nyingi chini ya kikombe huzuia kisifike mwisho.

Ingiza krosi ndani ya yoki, tundu la nipo likielekea upande wa bomba la propela, mahali bomba la grisi litakapofika. Krosi mbili za propela moja ziwe na nipo upande uleule, ili ukilala chini uzipate zote kwa mzunguko mmoja.

Anza na kikombe kimoja. Kishike wima, kigonge kidogo kiingie robo, kisha sukuma krosi iingie ndani ya kikombe hicho kabla hujaendelea. Ncha ya krosi ikiwa ndani, sindano hazina pa kuangukia. Weka kikombe cha pili upande wa pili, gawanya krosi katikati ili kila ncha iwe ndani ya kikombe chake, na ukaze vaisi juu ya vikombe vyote viwili pamoja. Kila baada ya robo mzunguko wa vaisi, tikisa krosi kwa kidole. Inatakiwa izunguke muda wote. Ikikwama ghafla, usikaze zaidi: sindano imelala. Toa kikombe, ipange upya. Ukikaza juu ya sindano iliyolala, utaivunja, na vipande vyake vitasaga krosi ndani ya kilomita chache.

Milimita za mwisho zisukume kwa soketi ndogo mpaka mfereji wa klipu uonekane wote. Tia klipu, uhakikishe imekaa kwenye mfereji kuzunguka kote. Mfereji ukigoma kuonekana upande mmoja ilhali vikombe vyote vimefika mwisho, sababu ni sindano iliyolala au krosi isiyo yake.

Rudia kwa jozi ya pili. Kisha gonga masikio ya yoki kwa nyundo ya shaba kutoka ndani kuelekea nje, mapigo mawili matatu kila sikio, ili vikombe virudi nyuma na kuegemea klipu zao. Hatua hii ndogo ndiyo hutenganisha krosi inayozunguka vizuri na inayobana.

Sasa ijaribu. Ikunje krosi pande zote kwa mkono: iende kwa ugumu mdogo ulio sawa, bila kukwama mahali na bila kuanguka yenyewe kama bawaba kuukuu. Kipimo cha Toyota cha mchezo wa krosi kwenda na kurudi ndani ya vikombe ni chini ya 0.05 mm, na ndiyo maana klipu hutengenezwa kwa unene tofauti. Ikicheza, tumia klipu nene zaidi; ikibana, nyembamba. Pande mbili zinazotazamana ziwe na unene mmoja, ama sivyo krosi itakaa nje ya senta na gari litatetemeka. Klipu kuukuu zitupe.

Grisi na kurudisha

Rudisha nipo na upige grisi polepole mpaka itokeze kidogo kwenye sili zote nne. Zote nne, kila krosi. Kikombe kimoja kikikataa, kunja krosi huku na huku na upige tena. Kikiendelea kukataa, kifungue sasa hivi, wakati propela bado iko mezani.

Sehemu ya kuteleza inataka uangalifu wa kinyume. Paka meno grisi, unganisha kwa alama, kisha piga grisi kidogo tu. Ukiona propela inaanza kurefuka yenyewe, umezidisha: grisi iliyojaa ndani haina pa kwenda, na gari likigonga shimo propela haitaweza kufupika, bali itasukuma beringi za transfa na difu.

Futa nyuso za flanji mpaka ziwe chuma kitupu. Ganda la rangi au chembe ya mchanga katikati ya flanji mbili huiyumbisha propela nzima. Anza na transfa, malizia na difu, alama kwa alama, ukikaza kwa kukingama kama nati za gurudumu. Bolti za 10 mm za flanji za Toyota hukazwa takribani Nm 75 hadi 90. Kitabu cha modeli yako kina neno la mwisho.

Lori lenye propela ya vipande viwili, kama Canter au NPR, lina senta beringi katikati. Ikague wakati umefika huko: mpira uliopasuka hutoa mtetemo unaofanana kabisa na wa krosi. Alama za kiungo cha katikati ni muhimu kama zile za kwenye flanji.

Jaribio, na ikigoma

Endesha polepole, ukisikiliza unapoachia klachi, halafu panda hadi kilomita 80 kwa saa. Ukirudi gusa vikombe kwa uangalifu: vuguvugu ni sawa, kikombe kimoja cha moto kuliko wenzake kimebanwa. Kaza nati tena baada ya kilomita 100.

Mtetemo ambao haukuwepo kabla ya kazi hutoka kwenye orodha fupi. Angalia kwanza alama za meno ya kuteleza, halafu flanji iliyogeuzwa nusu duara, halafu kikombe ambacho hakijaegemea klipu. Bomba lililobonyea au uzito wa balansi uliopotea ni kazi ya mwenye mashine ya balansi.

Baada ya hapo piga grisi kila unapobadilisha oili ya injini, kilomita 5,000 hivi, na siku yoyote ulipovuka mto au tope lililofika kwenye propela. Nipo ziko sita kwa propela mbili. Inayosahauliwa ni ya sehemu ya kuteleza.

Na krosi ya nyuma ikivunjika mbali na gereji, pikapu hii ina njia ya kurudi. Fungua propela yote ya nyuma uiweke bodini, funga habu za mbele (ziunganishe na ekseli), ingiza 4H (gia ya kuvuta magurudumu manne, ile ya kasi), na gari litavutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Nenda taratibu, punguza mzigo, usikanyage mafuta ghafla mlimani: krosi za mbele sasa zinabeba kazi yote, na pengine nazo hazijaonja grisi tangu mwaka juzi.